Kichwa kinauma, uzito ni mkubwa: neva ya jicho iangaliwe

Mwanamke wa umri wa kuzaa, mwenye uzito mkubwa, anaumwa kichwa wiki nenda wiki rudi, na akiinama au kusimama macho huingia giza kwa sekunde chache. Huyu asirudishwe nyumbani na dawa za maumivu tu. Apimwe presha siku hiyohiyo, kisha atiwe matone ya kupanua mboni ili neva ya jicho ionekane. Ikiwa imevimba macho yote mawili, huenda shinikizo ndani ya fuvu limepanda; chanzo kingine kisipopatikana, kitaalamu huitwa idiopathic intracranial hypertension. Mvumo masikioni unaofuata mapigo ya moyo, au kuona vitu viwili viwili, huongeza shaka.

Tunasisitiza hili: kusoma herufi za ukutani hadi mstari wa mwisho si kinga. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kula uwezo wa kuona wa pembezoni, na mtu huweza kupata 6/6, yaani kusoma herufi kikamilifu, huku neva ikiharibika. Daini kipimo cha uga wa kuona, yaani eneo lote ambalo jicho huona likitazama mbele, kirudiwe kila miadi.

Picha ya kichwa hutangulia sindano ya mgongo, inayopima shinikizo la maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. MRI (picha ya kutumia sumaku) ni bora, na mishipa ya vena ya ubongo ionyeshwe pia, maana damu ikiganda humo dalili huwa zilezile. Wakati wa sindano mgonjwa alale ubavu, alegeze miguu, atulie ndipo kipimo kisomwe. Akiwa ameketi au amejikaza, namba hupanda kwa uongo. Kwa mtu mzima, shinikizo la sentimita 25 za maji au zaidi ni kubwa. Maji yaliyotolewa mgongoni yaende maabara. Afrika Mashariki usisahau VVU na fangasi wa kriptokokasi, ambaye hupandisha shinikizo hilohilo na hatibiwi kwa kupunguza uzito.

Mwambie daktari kila dawa unayotumia: doksisaiklini (dawa ya kuua bakteria) na vitamini A kwa wingi huweza kuleta tatizo hili.

Asetazolamaidi, dawa ya kupunguza shinikizo hilo, mara nyingi huanza miligramu 500 mara mbili kwa siku. Vidole kuchonyota na soda kupoteza ladha vinatarajiwa. Maumivu makali ya kiunoni yanaweza kuwa mawe ya figo. Uzito ukishuka asilimia 5 hadi 10, wengi hupata nafuu. Wengine huhitaji kufika 15. Kwa mwenye kilo 100, hizo ni kilo 5 hadi 15, na asaidiwe na mtaalamu wa lishe, asiachiwe lawama.

Kuona kukififia ndani ya siku chache, usingoje miadi: nenda hospitali ya rufaa, huenda upasuaji ukahitajika haraka.