Grand-Pré: jengo halipo, mahali papo

Swali la wiki hii linauliza: mahali pa kukutania kijijini, liwe kanisa, ukumbi au uwanja, panahesabika kuwa urithi kwa ukongwe wa jengo au kwa kitu kingine? Kwangu jengo linakuja nyuma. Naishi Moncton, New Brunswick, huku Kanada, katikati ya Waakadia, wazawa wa Wafaransa waliohamia pwani hii karne ya 17. Mahali wanapopaenzi kuliko pote hapana hata ukuta mmoja wa wazee wao uliobaki umesimama.

Ni Grand-Pré, jimbo la Nova Scotia. Kuanzia miaka ya 1680 Waakadia walijenga matuta ya udongo kuzuia maji ya Ghuba ya Fundy, ambako bahari hujaa na kupwa kwa kina kisicho na mfano duniani. Chini ya tuta walilaza mfereji wa mbao wenye kilango kinachoning'inia. Bahari ikipwa, maji ya mvua yanakisukuma yatoke shambani; ikijaa, inakibana kikajifunga. Huo mtambo wanauita aboiteau. Kazi hii mtu haiwezi peke yake, maana tuta la jirani likibomoka, chumvi inaingia hadi kwako. Watu waliozoea kushikana hivyo walikuwa na kanisa lao, Saint-Charles-des-Mines, na anayetaka kuwapata wote alijua pa kwenda.

Kanali John Winslow, wa upande wa Waingereza, alijua. Uingereza ilikuwa ikiitawala nchi hiyo, na Waakadia walikuwa wamekataa kula kiapo cha utii kisicho na masharti. Aliweka kambi yake hapo hapo kanisani, kisha akatoa amri kwamba wanaume wote, pamoja na wavulana kuanzia miaka 10, wafike kanisani tarehe 5 Septemba 1755, saa tisa alasiri. Walifika 418. Wakazungukwa na askari, wakasomewa kwamba ardhi, nyumba na mifugo yao sasa ni mali ya mfalme, na wao wenyewe wataondolewa. Wake na mama zao hawakuwamo. Kutoka Grand-Pré na vijiji vya jirani walipakiwa melini watu zaidi ya 2,000. Katika Akadia nzima, hadi mwaka 1763, waliofukuzwa walifikia takriban 10,000. Nyumba zikachomwa moto.

Mahali pa namna hiyo, ambapo watu waliitwa kwa hila wakageuzwa wafungwa ndani ya kanisa lao, ungedhani wajukuu wao wasingetaka hata kupasikia. Ikawa kinyume. Mwaka 1907 John Frederic Herbin, sonara ambaye mama yake alikuwa Muakadia, alikinunua kiwanja kile kwa fedha zake. Miaka kumi baadaye alikiuza kwa kampuni ya reli, akashikilia sharti moja: Waakadia waruhusiwe kujenga hapo kanisa la kumbukumbu. Wakachanga, na mwaka 1922 likajengwa. Kwa hiyo kanisa ambalo wageni wanalipiga picha leo ni la karne ya 20. Mkaguzi wa majengo angeweza kulipatia alama ndogo kwa ukongwe, na nadhani angekuwa amekosea kabisa.

UNESCO ilipoitia Grand-Pré katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2012, ilihesabu pia mashamba. Yale matuta bado yanazuia bahari, na wakulima wa sasa bado wanakaa kikao na kuamua pamoja namna ya kuyatunza. Hawa si Waakadia. Walowezi walioletwa kutoka New England ndio waliopewa ardhi ile kuanzia 1760. Lakini ardhi yenyewe inawalazimisha kukutana, jana kama leo.

Na pengine jengo halihitajiki kabisa. Kule Caraquet, mji wa huku New Brunswick, kila tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Waakadia, watu hujaa barabarani saa 17:55, kwetu saa kumi na mbili kasoro dakika tano jioni. Dakika hiyo imechaguliwa kwa ajili ya mwaka 1755. Ikifika tu, sufuria zinagongwa kwa miiko, filimbi zinapulizwa, kengele za ng'ombe zinatikiswa, bibi vizee wamejipaka usoni rangi za bendera: buluu, nyeupe, nyekundu na nyota ya dhahabu. Huo ndio tintamarre. Ujumbe wake ni kelele yenyewe: tupo. Barabara ile ile kesho yake inapitisha magari kama kawaida, nami naihesabu kuwa urithi sawasawa na kanisa lolote.

Nayasema haya nikiwa na wasiwasi juu ya Pointe-de-l'Église, kijiji cha Waakadia huko Nova Scotia. Kanisa lao la Sainte-Marie, lililojengwa kati ya 1903 na 1905, ni kati ya makanisa makubwa kabisa ya mbao Amerika Kaskazini. Misa zake zilikoma mwaka 2019, waumini wamepungua na matengenezo yanataka mamilioni ya dola. Mjadala mwingi umekuwa juu ya mbao na paa. Mimi ningeanza na wanakijiji: wanataka kukutana wapi, kwa shughuli gani, na nani atabeba ufunguo. Wakisema ni pale, hata kama ni kwa muziki na vikao na si misa tena, basi fedha itafutwe. Wakichagua ukumbi wa kawaida upande wa pili wa barabara, ukumbi huo upewe hadhi ya urithi bila kusubiri uzeeke.