Maswali ya Wasomaji: Kuhamia Gia ya Mkono Kwenye Gari la Zamani

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina Ford Mustang ya 1967, V8 ya 289 (inchi za ujazo), gia otomatiki ya C4. Nimepata giaboksi ya T5 ya gia tano iliyotoka kwenye Mustang V8 ya 1989, pamoja na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), klachi na belihauzi yake (ganda linalounganisha injini na giaboksi), vyote kwa bei moja. Fundi anasema ni kufungua hii na kufunga ile tu. Ni kweli?
*Msomaji, Maskati*

Waaleikum salaam. Giaboksi umepata nzuri. Flaiwili iweke kando, usiifunge.

Krenki (shafti kuu ya injini) ya 289 imesawazishwa pamoja na uzani wa wakia-inchi 28 uliowekwa kwenye flaiwili na kwenye puli ya mbele. Mapema miaka ya 1980 Ford walibadilisha injini ya 302, ile inayoitwa 5.0, ikawa wakia 50. Flaiwili zote mbili zina meno 157, matundu yanakaa sawasawa, na ukizilaza mezani ubavu kwa ubavu utadhani mapacha. Ya 1989 itaingia, gari litawaka, na kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) utasikia mtetemo mdogo tu. Ukifika mizunguko 3,000 usukani na kioo vinatikisika. Hapo ndipo watu huanza kubadilisha mauntingi, plagi na hata kabureta, huku beringi za krenki zinaliwa kimyakimya. Nunua flaiwili ya meno 157 yenye uzani wa 28. Kabla ya kununua, hakikisha injini yenyewe ni 289 kweli. Gari la miaka hii yote huenda lilishabadilishiwa injini na mwenye nalo wa zamani. Pleti ya C4 (ile inayokaa mahali pa flaiwili) ukishaifungua, mpelekee fundi wa balansi aipime. Itakuambia injini inataka nini.

Sasa giaboksi. Kwenye bolti mojawapo ya mkia wa T5 huwa kuna kibati chenye namba inayoanza na 1352. Itafute namba hiyo kwenye orodha ya watengenezaji kabla hujalipa. T5 za V8 za 1985 hadi 1989 zilikadiriwa kubeba nguvu ya kuzungusha ya futi-pauni 265, za 1990 hadi 1993 futi-pauni 300. Gia ya kwanza ni 3.35 na ya tano ni 0.68. T5 za injini ya silinda nne zinafanana nazo kwa nje, lakini gia ya kwanza inakaribia 4 na hazikujengwa kwa V8. Za 1994 na 1995 shafti yake ya mbele ni ndefu zaidi kwa zaidi ya nusu inchi, kwa hiyo haikai kwenye belihauzi ya miaka iliyotangulia.

Belihauzi uliyopata inafungwa kwa bolti sita, na blok ya 1967 ni ya bolti sita, kwa hiyo hapo uko salama. (Mwenye 289 au 260 ya kabla ya Agosti 1964 ana bolti tano, na huyo itambidi atafute njia nyingine.) Ugumu uko kwenye kukanyaga klachi. Klachi ya belihauzi ya 1989 inavutwa na kebo, gari la 1967 lilitumia vyuma vya kusukumana. Chagua njia moja mapema, kebo au mafuta ya breki, ununue seti yake kamili. Atakayekwambia utumie belihauzi ya zamani ya gia nne anakuongezea kazi, maana T5 haiingii pale bila pleti ya kuunganishia. Pedali nazo za 1967 na 1968 si za 1965 na 1966, na gari lenye breki za busta lina pedali yake. Pima kwanza.

Ukishatoa C4, chungulia tundu katikati ya mwisho wa krenki. Gari la otomatiki halikufungiwa bushi ya pailoti, na hii ndiyo inayosahauliwa kuliko kitu chochote. Bila bushi, ncha ya shafti ya giaboksi inaning'inia hewani. Klachi itakwaruza, beringi ya mbele ya giaboksi itaanza kulia, na itabidi ushushe kila kitu upya. Safisha kutu, jaribu bushi kwenye ncha ya shafti kwa mkono (izunguke bila kucheza), kisha igonge kwa soketi inayokaa kwenye ukingo wake wa nje, isiingie upande.

Ile pleti nyembamba ya bati kati ya blok na belihauzi usiitupe. Inalinda starta na kuiweka belihauzi mahali pake. Starta ya otomatiki na ya gia ya mkono zinatofautiana kina cha meno, kwa hiyo kabla ya kufunga giaboksi angalia kama meno ya starta yanaingia vizuri kwenye ringi na kurudi.

Bolti za flaiwili kwenye injini hii matundu yake yanatokeza ndani kwenye oili. Paka dawa ya kuzibia nyuzi, kaza kwa msalaba hadi futi-pauni 75 mpaka 85 (Nm 102 hadi 115). Ukikaza kavu, baada ya wiki moja oili iko kwenye klachi.

Kuna kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka kwa sababu kinakula nusu saa. Funga belihauzi peke yake, simamisha saa ya kupimia kwenye flaiwili, ncha yake iguse ukingo wa ndani wa tundu kubwa la belihauzi, kisha zungusha injini kwa mkono mzunguko mzima. Mshale usitembee zaidi ya inchi 0.005, yaani mm 0.13. Ukizidi, giaboksi na krenki havipo kwenye mstari mmoja, na dawa yake ni pini za kuongozea zilizochongwa upande, ambazo huuzwa tayari kwa vipimo mbalimbali. Belihauzi iliyofungwa kwenye blok isiyo yake, kama yako, ndiyo hasa inayohitaji kupimwa.

Siku ya kupandisha, pleti ya klachi iwe imeshikwa katikati na shafti ya plastiki ya kupangia, chemchemi zake zikielekea pleti ya presha. Giaboksi iingie kwa mkono mpaka nyuso mbili zigusane. Ikigoma ikiwa imebaki sentimita moja, usiivute kwa bolti! Ama pleti haiko katikati, ama ncha haijaipata bushi. Ukivuta, unapasua sikio la aluminiamu la T5 au unapinda kitovu cha pleti. Na usiiache ining'inie kwenye klachi hata dakika moja. Iwe na jeki chini yake.

C4 ina vitu inavyoacha nyuma. Bomba dogo la hewa lililotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye C4 lizibwe, la sivyo injini itavuta hewa ya ziada na sailensa itayumba. Mabomba mawili ya kupoza oili kwenye rejeta yatolewe, nipeli zake zifungwe vifuniko. Fimbo ya kikidauni (iliyoishusha gia ukikanyaga mafuta hadi mwisho) kwenye kabureta itoke. Swichi iliyozuia gari lisiwake likiwa kwenye gia sasa haina kazi. Badala ya kuunganisha waya zake moja kwa moja, zipeleke kwenye swichi ya pedali ya klachi, ili gari lisirukie ukuta wa gereji siku mtoto atakapochezea ufunguo. Waya za taa za rivasi zihamie kwenye swichi ya T5.

Oili ni ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ya Deksroni, karibu lita 2.65, hadi ianze kutoka kwenye tundu la ubavuni. Oili nzito ya difu humo ni kosa, kwani ringi za ndani zina utando unaotaka oili nyepesi.

Na difu yako? Kama ni 2.80, gia ya tano ya 0.68 kwa kilomita 100 kwa saa itazungusha injini karibu mara 1,600 tu kwa dakika. Hapo injini inakokota, na utajikuta unaishi kwenye ya nne. Ya 3.55 inakupa kama 2,030, ndiyo inayopendeza. C4 ifunike, uiweke na vyombo vyake vyote: siku ya kuuza, mnunuzi ataiulizia.

Habari zenu mafundi. Benzi yangu ni W123, 300D ya silinda tano. Otomatiki imeanza kuteleza, nimenunua giaboksi ya mkono ya 240D. Flaiwili ya 240D itafaa?
*Msomaji, Nairobi*

Inaingia, lakini si hivyo ilivyo. Krenki ya silinda tano imesawazishwa pamoja na pleti yake. Kabla hujafungua pleti ya otomatiki, tia alama kwenye krenki na kwenye pleti, kisha vipeleke pleti na flaiwili pamoja kwa fundi wa balansi aifanye flaiwili iwe na uzito ule ule mahali pale pale. Bolti za flaiwili ni za kuvutika, nunua mpya.

Klachi hunywa mafuta kutoka chupa ya breki. Chupa ya otomatiki nipeli yake huwa imezibwa, kwa hiyo utahitaji kuifungua au kununua nyingine. Kutoa hewa kwa kukanyaga pedali kutakuchosha bure. Unganisha mpira kutoka nipeli ya breki ya mbele upande wa kulia hadi nipeli ya silinda ya chini ya klachi, fungua zote mbili, mwenzako akanyage breki polepole, nawe ufunge nipeli ya breki kabla hajaachia. Mafuta yanapanda kutoka chini na kuisukuma hewa juu.

Shikamooni. Nimeshatoa gia otomatiki nikafunga ya mkono, na propela ikakatwa. Gari likifika 80 linatetemeka sakafuni, na injini ikiwaka rivasi inakwaruza. Ikizimwa inaingia vizuri.
*Msomaji, Tanga*

Marahaba. Hayo ni magonjwa mawili.

Kwa mtetemo, tazama propela iliyokatwa. Masikio ya krosi ya mbele na ya nyuma yawe kwenye mstari mmoja. Wachomeaji huyageuza bila kujua. Kisha pima mwinamo wa mkia wa giaboksi na wa difu gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Viwe sambamba, visipishane zaidi ya nyuzi 1. Ukiona mkia umeshuka, inua mauntingi kwa vibati. Yoki nayo (ncha ya propela inayoingia kwenye giaboksi) ikisukumwa hadi mwisho irudi nje mm 19 hadi 25, isigonge ndani wala isining'inie.

Kwa rivasi, kanyaga klachi, hesabu tano, ndipo uingize. Isipokwaruza, shafti ya giaboksi ilikuwa bado inajizungukia tu. Ikikwaruza bado, klachi haiachii: anza na hewa kwenye mafuta na urefu wa fimbo ya kusukumia. Vikiwa sawa, shusha giaboksi uangalie kama bushi ya pailoti imeng'ata shafti, au pleti imefungwa kinyumenyume.