Fundi Anajibu: Amri 30 na if isiyoisha

SWALI: Habari fundi, pole na kazi. Nina programu yangu ya kuhesabu vifaa vya stoo, haina madirisha wala vitufe, unaifungua kwenye terminali unaandika amri kama ongeza, toa, tafuta au orodha, inakujibu halafu inasubiri amri nyingine. Mwanzoni zilikuwa amri 4 tu, sasa zimefika kama 30 na kodi yote ni if na elif moja refuuu, nikigusa huku kule kunaharibika. Halafu kitu chenye jina la maneno mawili kinanitesa, misumari mirefu inakuwa vitu viwili. Natumia Python. Nianzie wapi kuipanga?

JIBU: Nzuri ndugu, asante. Hilo rundo la if limekua kwa sababu kila tawi linafanya kazi nne kwa mpigo, linasoma mstari, linaukata vipande, linaangalia ni amri gani, halafu linaitekeleza. Zitenganishe hizo nne na utaona pumzi inarudi. Mzunguko wenyewe ni wa zamani, watu wa lugha ya Lisp walikuwa nao tangu miaka ya 1960, soma tekeleza andika jibu rudi mwanzo, na mpaka leo ni uleule, ishu ni kila hatua inajua nini na haitakiwi kujua nini.

Tuanze na kukata manake hapo ndo misumari mirefu inakwama. Naamini unatumia split() ya kawaida, hiyo inakata kila penye nafasi na haijali alama za nukuu. Python inakuja na moduli inaitwa shlex, ukitumia shlex.split() mtu akiandika ongeza "misumari mirefu" 40 unapata vipande 3, jina likiwa zima. Ila kuna mtego unaotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili na kwenye mifano mingi hautauona: shlex inakihesabu kile kialama cha ng' kuwa ni nukuu. Kwa hiyo mtu akiandika ongeza king'ora 2, programu inaona nukuu imefunguliwa na haijafungwa, inarusha ValueError, wakati mtu wa watu hajakosea chochote, kaandika jina la kifaa vizuri kabisa. Dawa yake ni kuunda kikataji chako hivi:

k = shlex.shlex(mstari, posix=True)
k.whitespace_split = True
k.quotes = '"'
k.commenters = ''
vipande = list(k)

Sasa nukuu ni zile za alama mbili tu na king'ora kinapita salama. Mstari wa commenters usiuache, bila huo chochote kinachofuata alama ya # kinatupwa kimyakimya, na kama spea zako zina namba za #12 utakuja kutafuta mchawi. Nukuu za alama mbili zisipofungwa bado utapata ValueError, hiyo idake na umwambie mtumiaji kwa maneno ya kawaida kwamba hajafunga nukuu.

Baada ya kukata ndo tunafika kwenye moyo wa jambo lenyewe, yaani jedwali la amri. Futa ile if yote. Tengeneza dikshenari moja, kila amri iwe na mstari wake:

"toa": Amri(toa, [("kitu", str), ("idadi", int)], "Punguza kifaa stoo"),

Amri hapo ni klasi ndogo unayoitengeneza mwenyewe. Kwenye mstari kuna jina, funksheni ya kuita, vigezo inavyohitaji na aina zake, na maelezo mafupi. Kipande cha kwanza alichoandika mtu unakitafuta humo, kipo unaendelea, hakipo unasema hakipo. Kuongeza amri ya 31 ni kuandika funksheni moja na mstari mmoja, zile 30 hazijui hata kama kuna mgeni. Na utamu wake hauishii hapo, jedwali hilohilo ndo linakuandikia msaada, mtu akiandika msaada unapita kwenye jedwali unachapisha jina na maelezo, kwa hiyo msaada hauwezi kusema uongo kuhusu amri uliyoifuta miezi sita iliyopita, na Tab ikibonyezwa majina ya kukamilisha yanatoka humohumo. Mi nikifungua programu ya mtu nikakuta orodha ya msaada imeandikwa kwa mkono pembeni, najua tayari haifanani na kinachofanyika ndani.

Vigezo navyo vikaguliwe hapohapo kabla funksheni haijaitwa. Mtu kaandika toa misumari kumi, wewe kabla ya kugusa stoo unajua idadi ilitakiwa iwe namba, unamjibu "idadi lazima iwe namba, umeandika: kumi". Funksheni ya toa inapokea namba iliyoshakaguliwa, haijui kama kuna kibodi wala skrini, na kwa sababu hiyo unaweza kuijaribu kwa kuiita moja kwa moja bila kukaa unaandika amri kwa mkono. Ila hiyo int niliyoandika juu ni ya mfano tu, kwako usiiache, manake int inakubali -5 bila kuguna na toa misumari -5 ni kuongeza misumari kwa mlango wa nyuma. Weka funksheni yako mwenyewe badala ya int, iite idadi_halali, ikatae sifuri na namba hasi, jedwali halijali ni funksheni gani mradi inapokea maandishi na kurudisha thamani au kulalamika.

Najua utauliza kuhusu moduli ya cmd iliyomo ndani ya Python. Ni nzuri, unaandika do_toa, do_ongeza na kadhalika, msaada na Tab unapewa bure. Vitu viwili tu uvijue kabla. Kwanza do_toa inapewa maandishi yote yaliyobaki kwenye mstari kama yalivyo, kwa hiyo kukata na kukagua bado ni juu yako. Pili, na hili naliona kubwa, mstari mtupu kwenye cmd unarudia amri iliyopita. Yaani mtu katoa misumari 5, kabonyeza Enter kwa bahati mbaya, zimetoka 5 nyingine na hakuna aliyeambiwa. GDB, ile programu ya kusakia makosa ya kodi, inarudia hivyo makusudi na pale ina maana, manake mtu anayepekua kodi hatua kwa hatua anataka Enter iwe hatua inayofuata, lakini kwenye stoo ni hatari tupu. Andika emptyline yako isiyofanya kitu, iwe ndo kitu cha kwanza kabisa.

Ufupisho wa amri, mfano mtu aandike or badala ya orodha, watumiaji wataupenda na watakuomba. Ukikubali kila mwanzo wa jina usiogongana na mwingine basi leo taf ni tafuta, kesho unaongeza amri ya tafsili na taf ya watu wote inakataa, na kama kuna mtu ameiweka kwenye faili la amri linaloendeshwa usiku ndo basi tena. Mi napendelea vifupisho vitajwe waziwazi kwenye jedwali, vichache, na amri zinazofuta vitu zisipewe kifupisho kabisa.

Kwenye makosa ndo naomba ukae muda mrefu kuliko kwingine kote, manake mtumiaji wako ataishi humo. Ile ed, programu ya kuhariri maandishi ya Unix ya zamani, ukikosea ilikuwa inakujibu alama ya ? peke yake, basi, na waliokuwa wanaitumia walikuwa mafundi wenyewe. Wako sio. Ujumbe useme umeona nini na ulitarajia nini, na amri isipojulikana tumia difflib.get_close_matches kutafuta majina yanayokaribiana kwenye jedwali, mtu akiandika ongza umuulize "ulimaanisha ongeza?" Umuulize tu lakini, usiitekeleze kwa niaba yake, kukisia ni sawa ila kutenda kwa kukisia kwenye mali za watu hapana.

Na mzunguko usife ovyo. Tengeneza aina yako ya kosa, KosaLaMtumiaji, funksheni zote zirushe hiyo mtu akikosea, uidake sehemu moja tu kwenye mzunguko, uchapishe ujumbe na kurudi kusubiri amri. Makosa mengine yoyote ni ya kwako wewe mwandishi, yaandike kwenye faili pamoja na traceback nzima, yaani ile ripoti ya Python ya kosa limetokea wapi, halafu umwambie mtumiaji kuna hitilafu, usiyameze. Ctrl-C ifute mstari anaoandika mtu isifunge programu, na Ctrl-D ndo ifunge, kwenye Python hizo zinakuja kama KeyboardInterrupt na EOFError, ila ukitumia cmd hiyo ya pili inakuja kama amri inayoitwa EOF kwa hiyo inabidi uandike do_EOF. Kwa Linux na Mac ukiandika import readline juu ya faili, input() inapata mishale na historia bila jasho.

La mwisho, siku itafika mtu atataka kuipa programu yako faili lenye amri mia badala ya kukaa anaandika. sys.stdin.isatty() inakuambia kama upande wa pili kuna mtu au faili. Kukiwa na faili usichapishe kile kialama cha kusubiri amri, usiulize "una uhakika?" manake hakuna wa kujibu, makosa yaende stderr, yaani mkondo wa makosa ulio tofauti na wa majibu, na kosa la kwanza lisimamishe kila kitu na programu itoke na namba isiyo sifuri. Binadamu akikosea anaona na kurekebisha, faili halioni, litaendelea tu kutoa vifaa kwa hesabu iliyokwisha haribika.

SWALI: Fundi, kwenye programu yangu ya amri nataka mtu aweze kuandika hesabu kama 40*12 sehemu ya namba. Nimeona eval() inafanya hiyo kwa mstari mmoja, kuna ubaya?

JIBU: Upo, tena mkubwa. eval haijui kama unataka hesabu, inatekeleza Python yoyote iliyoandikwa pale, ikiwemo ya kufuta mafaili, na ule ujanja wa kuiondolea builtins, yaani funksheni za ndani za Python, hauzuii, watu wanapita kila siku. ast.literal_eval ni salama zaidi kwa kusoma thamani ila haitakuhesabia 40*12. Fanya hivi, pitisha maandishi kwenye ast.parse yenye mode="eval", utembee kwenye mti unaorudi na ukubali namba na alama za + - * / tu, chochote kingine ukatae. Alama ya kipeo ** iache nje hata kama wataiomba, mtu akiandika 9**9**9 programu itaganda hapo.

SWALI: Mkuu, intapreta yangu nimeiandika kwa C, ilianza na amri tu, watumiaji wakataka vigeu nikaweka, sasa wanataka if na lupu. Niendelee kuongeza au?

JIBU: Usiendelee, nakuomba. Njia hiyo imeshapitiwa na watu wenye akili kubwa na wote waliishia kusema tuache. John Ousterhout pale chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, alikuwa anatengeneza programu za kuchorea saketi, kila moja ikawa na kijilugha chake cha amri, dhaifu na kisichofanana na cha mwenzake, mwaka 1988 akaanza kuandika lugha ya Tcl iwe maktaba moja ya C ambayo programu yoyote inaichukua na kuongezea amri zake. Lugha ya Lua ya kule chuo kikuu cha PUC-Rio nchini Brazil ilizaliwa mwaka 1993 kwa kisa kinachofanana na chako kabisa, walikuwa na vijilugha viwili DEL na SOL kwa ajili ya kampuni ya mafuta ya Petrobras, watumiaji wakaanza kudai masharti na lupu, wakaona heri waandike lugha moja kamili kuliko kuviraruararua vile viwili.

Kabla ya hapo lakini waulize wanataka lupu ya kufanyia nini. Mara nyingi jibu ni kurudia amri moja kwa vitu vingi, na hiyo unaitatua kwa kuruhusu amri ipokee majina mengi kwa mkupuo au isome orodha kutoka kwenye faili, siku mbili kazi imekwisha. Wakikuonyesha mifano ambayo kweli inahitaji kuamua na kuzunguka, chukua Lua, ni ndogo na imetengenezwa kukaa ndani ya programu ya C. Amri zako zilizopo uzisajili kama funksheni kwa lua_register na mzunguko wa kawaida ubaki palepale kwa wale wanaoandika amri mojamoja, hao usiwalazimishe mabano.

Usiite luaL_openlibs, hiyo inafungua kila kitu pamoja na os na io, na os ikiwa wazi umempa mtu uwezo wa kuendesha programu yoyote kwenye mashine. Fungua moja moja kwa luaL_requiref, na maktaba ya msingi ukiifungua uondoe dofile na loadfile. Halafu weka lua_sethook ya kuhesabu, inakurudishia usukani kila baada ya maagizo kadhaa, hapo unaangalia kama mtu amebonyeza Ctrl-C na kuikatisha kwa luaL_error, manake lupu isiyoisha itaandikwa wiki ya kwanza tu, na wa kwanza kuiandika ndo huyohuyo aliyekuomba lupu.