Maswali ya Wasomaji: Je, Hoki ya Barafu Ni Kazi ya Kumlisha Binti?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Njiro, Arusha. Binti yetu wa pili ana miaka 13, na tangu alipopewa viatu vya magurudumu hashikiki. Kila jioni utamkuta kwenye kipande cha lami kilichopo mbele ya nyumba yetu. Baba yake mdogo anaishi Calgary, Kanada, na ameahidi kumchukua akasome huko na kumwingiza katika timu ya wasichana ya hoki ya barafu. Mume wangu anasema hajawahi kusikia mwanamke aliyeendesha maisha kwa mchezo huo. Naomba mnieleze safari ya mwanamke mmoja tu aliyeucheza tangu utotoni hadi kustaafu, ili sisi wazazi tukikaa kuzungumza tuwe na la kushika.
Mama wa Njiro, Arusha

JIBU: Mama yetu wa Njiro, pokea salamu zetu. Kwa kuwa shemeji yako anaishi Calgary, tumemchagua mwanamke anayefahamika sana katika mji huo, Hayley Wickenheiser. Tuseme mapema kwamba mume wako ana hoja, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya miaka ambayo Wickenheiser alicheza, hoki ya barafu iliwapa wanawake medali na heshima bila kuwapa mshahara wa kuendeshea nyumba.

Alizaliwa mwaka 1978 katika mji mdogo wa Shaunavon, jimbo la Saskatchewan, ambako majira ya baridi ni makali kiasi kwamba baba yake aliweza kumtengenezea uwanja wa barafu nyuma ya nyumba yao. Alikua akicheza katika timu za wavulana, kwa kuwa timu za wasichana zilikuwa chache mno, na alipofikisha miaka 15 aliitwa timu ya taifa ya Kanada. Hoki ya barafu ya wanawake iliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1998 huko Nagano, Japani, na katika fainali Marekani iliifunga Kanada mabao 3 kwa 1. Baada ya hapo Kanada ilitwaa dhahabu mara nne mfululizo, Salt Lake City mwaka 2002, Turin mwaka 2006, Vancouver mwaka 2010 na Sochi mwaka 2014, na Wickenheiser alikuwamo kikosini mara zote nne. Mara mbili za kwanza alitangazwa mchezaji bora wa mashindano. Huko Vancouver alikuwa nahodha, na ndiye aliyekula kiapo kwa niaba ya wanamichezo wote wakati wa ufunguzi.

Fainali ya Sochi tungependa uielewe vizuri, kwa maana inaonyesha binti yako anatamani kuingia katika mchezo wa namna gani. Zikiwa zimesalia chini ya dakika nne, Marekani ilikuwa mbele kwa mabao 2 kwa bila. Kanada ikapata bao moja, kisha ikamtoa kipa wake ili iongeze mshambuliaji, na goli likabaki wazi. Mchezaji wa Marekani akaupiga kutoka mbali ule mpira, ambao kwa kweli ni kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa inchi 3 na unene wa inchi 1. Ukateleza uwanja karibu wote, ukagonga nguzo ya goli tupu na kutoka nje. Sekunde 55 hivi kabla ya kipenga cha mwisho, Marie-Philip Poulin akasawazisha. Katika muda wa nyongeza Wickenheiser alipenya peke yake kuelekea goli la Marekani, akaangushwa na mchezaji aliyekuwa akimfukuza, mwamuzi akatoa adhabu, na Kanada ilipokuwa bado na mchezaji mmoja zaidi, Poulin akafunga bao la ushindi. Wakati huo Wickenheiser alikuwa na miaka 35, na mashindano hayo aliyacheza akiwa amevunjika mfupa wa mguu, ambao baadaye ulifanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma.

Sasa turudi kwenye riziki, ambayo ndiyo inayomsumbua baba wa nyumba. Mchezaji huyu, aliyehesabiwa kuwa bora kuliko wote duniani, alilazimika kutafuta timu za wanaume ili aweze kulipwa. Alipotaka kuchezea timu moja ya Italia, shirikisho la nchi hiyo lilikataa kwa sababu ni mwanamke. Akaenda Ufini, na mwaka 2003, akiwa na timu ya Kirkkonummi Salamat iliyokuwa katika daraja la chini, akawa mwanamke wa kwanza kufunga bao katika ligi ya kulipwa ya wanaume. Baadaye alicheza tena na wanaume huko Uswidi. Kwa upande wa wanawake, ligi iliyoanzishwa Kanada mwaka 2007 ilikaa miaka kumi bila kuwalipa wachezaji, ikaanza kuwapa posho mwaka 2017, na ikafungwa mwaka 2019. Wenzake wengi walifanya mazoezi usiku baada ya kutoka kazini, wakiwa walimu, wauguzi au makarani.

Hali imebadilika, na hili lazima mume wako alijue pia. Mwezi Januari 2024 ilianza ligi mpya ya wanawake ya kulipwa, PWHL, ikiwa na timu sita za Kanada na Marekani, na msimu wa 2025 hadi 2026 ziliongezwa timu za Seattle na Vancouver. Mkataba kati ya ligi na chama cha wachezaji uliweka mshahara wa chini kuwa dola 35,000 za Marekani kwa msimu wa kwanza, wastani wa dola 55,000 kwa mchezaji katika kila timu, na angalau wachezaji sita katika kila timu kulipwa dola 80,000 au zaidi. Ni mishahara ya kuishi, ingawa kwa gharama za miji hiyo, anayelipwa kiwango cha chini hawezi kuweka akiba kubwa, na nafasi katika timu hizo ni chache mno kwa wasichana wote wanaozitamani.

Jambo ambalo sisi tunalithamini kuliko medali zake zote ni kwamba Wickenheiser hakuacha shule. Alistaafu mwaka 2017 akiwa ameifungia timu ya taifa mabao 168 katika michezo 276, na mwaka huohuo akaanza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Calgary. Korona ilipoingia mwaka 2020, akiwa bado mwanafunzi, alihamasisha watu wachangie barakoa na vifaa vya kinga kwa ajili ya wahudumu wa afya. Mwaka 2021 akahitimu. Wakati akisoma alikuwa tayari ameajiriwa na klabu ya wanaume ya Toronto Maple Leafs kuendeleza wachezaji chipukizi, na mwaka 2022 akapandishwa cheo kuwa mmoja wa wasaidizi wa meneja mkuu.

Ushauri wetu, mama, ni kwamba msimkatalie binti, bali mazungumzo na shemeji yaanzie kwenye shule. Mwulizeni atasoma shule ipi, nani atakuwa mlezi wake kisheria, na nani atagharimia vifaa, maana viatu vya barafu, helmeti, glovu na kinga za mabega na magoti hubadilishwa kila mtoto anapokua. Huko Marekani vyuo vikuu kadhaa hutoa ufadhili wa masomo kwa wasichana wanaocheza hoki ya barafu, na kwa familia nyingi faida hiyo huja kabla ya mshahara wowote wa ligi. Lakini kocha wa chuo hawezi kumchukua msichana ambaye alama zake za darasani hazitoshi. Miaka 13 ni umri mkubwa kidogo wa kuanza, kwa kuwa wenzake wa Calgary wamekuwa barafuni tangu wakiwa na miaka minne au mitano, hivyo mwaka wake wa kwanza utakuwa wa kuachwa nyuma. Mwambieni hilo kabla hajapanda ndege.

SWALI: Mimi ni msichana wa kidato cha pili hapa Moshi. Napenda mchezo huu lakini barafu ninayoiona ni ya Kibo tu. Nianzie wapi?
Mwanafunzi, Moshi

JIBU: Mwanetu, barafu ya Kibo haifai kwa mchezo huu, kwa maana si tambarare, na tangu mwaka 1912 imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Wanawake waliocheza soka huko juu mwezi Juni 2017, katika kimo cha mita 5,714, walitumia mchanga wa kreta. Uwanja wa barafu ulio karibu nawe ni ule wa hoteli ya Panari, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005. Ni mdogo sana ukilinganisha na ule wa kimataifa wenye urefu wa mita 60, lakini ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia la mchezo huu. Kabla hujaomba nauli ya kupitia Namanga, mwombe mzazi apige simu kuuliza siku na saa za mazoezi. Kwa sasa jifunze mpira wa magongo ikiwa shule yako inao, kwa sababu macho na mikono vitazoea, na viatu vya magurudumu vitakufundisha kusimama, kugeuka na kufunga breki.

SWALI: Je, ni kweli wanawake hawaruhusiwi kugongana?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Kwa miaka mingi kumgonga mpinzani kwa mwili kulikuwa kosa katika hoki ya wanawake. Ligi ya PWHL inaruhusu kugongana pale wachezaji wote wawili wanapowania mpira, lakini anayemvamia mwenzake kwa nguvu huku hana nia ya kuucheza mpira huadhibiwa. Katika Olimpiki na mashindano ya dunia, wanawake huvaa helmeti yenye kinga inayofunika uso mzima.