Maswali ya Wasomaji: Babu Baharia, Wajukuu Dodoma

SWALI: Wahariri, salaam. Babu yake babu yangu, upande wa baba, alikuwa baharia wa majahazi. Aliacha bahari akapanda na misafara ya Bagamoyo hadi Mpwapwa, akaoa Mgogo. Jina kamili hatuna, tunamwita Babu Mshihiri tu. Binamu yangu aliyeko Uingereza anasema tumtafute kwenye orodha za mabaharia za huko. Nianzie wapi?
*Mjukuu, Kizota*

JIBU: Anza na chombo, usianze na jina. Wengi wa zama zile hawakuwa na jina la ukoo la kudumu, na akina Saidi bin Ali bandarini walikuwa tele. Waulize wazee: chombo kiliitwaje, kilikuwa jahazi, bedeni, sambuku au bagala, mwenyewe alikuwa nani, kilitia nanga wapi. Bibi anayekumbuka kwamba "walikuja na kaskazi" amekupa jambo kubwa: vyombo vya Arabuni vilishuka kwa pepo hizo kati ya Desemba na Machi, vikarudi kwa kusi.

Neno Mshihiri nalo lisikupeleke moja kwa moja mji wa Shihr. Pwani yetu iliwaita hivyo watu wa Hadhramaut kwa jumla. Dalili nzuri zaidi ni jina linaloanza na Ba-, kama Bawazir au Bafadhil. Hayo ni ya Hadhramaut.

Orodha za Uingereza zinafaa ikiwa babu alifanya kazi kwenye meli ya Waingereza. Ikiwa alikuwa wa jahazi tu, binamu atapoteza pesa. Sehemu kubwa ya orodha za meli za Uingereza za 1863 hadi 1938, kama asilimia 70, iko Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, Kanada. Miaka inayoishia na 5 iko jumba la makumbusho ya bahari la Greenwich, na orodha za 1915 zinasomwa bure kwenye intaneti. Utahitaji namba rasmi ya meli pamoja na mwaka, maana orodha zimepangwa kwa meli. Ukibahatika utaona umri, mahali pa kuzaliwa na meli aliyotoka. Usishangae jina likiwa kituko: Waafrika waliofanya kazi kwenye manowari za Waingereza, waliokuwa wakiitwa "Seedie", wengi waliandikwa kwa majina ya utani waliyobandikwa na wazungu.

Majahazi yana njia yake. Mkataba wa Brussels wa 1890, uliolenga kuzuia biashara ya watumwa baharini, ulitaka vyombo vya wenyeji vibebe orodha ya mabaharia na ya abiria. Kwa hiyo tafuta kwenye mafaili ya ubalozi mdogo wa Uingereza, Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani. Mafaili ya Wajerumani yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mengi ni ya mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa taabu, hivyo piga picha kwa utaratibu ukamtafutie msomaji. Kabla ya kupanda basi, piga simu uulize kibali na barua wanazotaka.

Lakini karatasi ambayo wengi wanaipita bila kuitazama ni ya mirathi. Iangalie kwa mafungu. Ikiwa mjane mmoja amepewa thumuni, yaani 1/8, marehemu aliacha watoto. Wajane wawili wakipewa 1/16 kila mmoja, basi ni thumuni ileile imegawanywa: alikuwa na wake wawili, na pengine mmoja yuko pwani. Mjane akipata robo, marehemu hakuacha mtoto. Na ukikuta sudusi, 1/6, ya mama, mama yake alikuwa hai siku mwanawe anakufa. Kwa karatasi moja umepata vizazi vitatu.

SWALI: Tunataka kupima DNA. Apime nani? Na je, asilimia za "Uarabuni" zitathibitisha kwamba tumetoka huko?
*Shangazi wa Kondoa*

JIBU: Shangazi, shikamoo. Inategemea swali lenu. Kromosomu Y hupita kutoka baba kwenda kwa mwana, hivyo mnahitaji mwanamume aliyetokana na babu mnayemtafuta kwa wanaume watupu. Mwanao hana Y ya baba yako. Mpime kaka yako au mwanawe wa kiume. Kipimo cha jumla, yaani cha DNA yote na si Y peke yake, kinamfaa yeyote, ila pimeni mzee kwanza. Mjukuu wa nne hubeba wastani wa asilimia 6.25 ya babu yake babu yake. Baba yake anabeba mara mbili ya hiyo.

Mate huharibika kwa mambo madogo. Mzee asile, asinywe, asitafune tambuu wala kuweka ugoro dakika 30 kabla. Povu halihesabiwi, mate yafike mstari wa kichupa yakiwa majimaji. Mdomo ukiwa mkavu, chagueni kipimo cha kusugua ndani ya shavu. Na kabla ya kutuma nje, ulizeni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwani Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009 inasimamia sampuli hizi.

Sasa asilimia. Hapa Kondoa kuna mtego ambao mtu wa Lamu hana. Waburunge na Wairaqw ni Wakushi, na damu ya Kikushi ina sehemu ya kale yenye asili ya Mashariki ya Kati, iliyoingia maelfu ya miaka iliyopita. Bibi Mburunge anaweza kuwapa asilimia kadhaa za "Uarabuni" bila jahazi lolote. Hata pwani mambo si mepesi: uchunguzi uliochapishwa 2023 wa mabaki ya watu 80 wa miji ya Waswahili ulionyesha kwamba kinamama wengi walikuwa Waafrika, na kwa upande wa kinababa wageni wa mwanzo wengi walikuwa Waajemi. Uarabu uliongezeka baadaye.

Pia, kuoana mabinamu kunakuza namba. Sentimogani, kizio cha kupimia DNA mnayoshiriki na ndugu, zikiwa 230 kwa kawaida zinamwonyesha binamu wa pili. Katika ukoo unaooana wenyewe kwa wenyewe, huyo anaweza kuwa wa mbali zaidi.

DNA itawasaidia hasa hapa: wengi waliokuwa watumwa wa wenye vyombo walibaki na nisba, yaani jina la asili, ya bwana. Karatasi itasema Mshihiri, Y itasema vingine. Kaeni na wazee kabla ya kufungua majibu.

SWALI: Karatasi ya babu imeandikwa mwaka 1328. Ni lini?
*Msomaji, Majengo*

JIBU: Zidisha kwa 0.97, ongeza 622: unapata 1910. Mwaka huo wa Hijra ulianza katikati ya Januari 1910 ukaisha mwanzoni mwa Januari 1911, yaani mwaka ambao reli ilifika Dodoma. Ikiwa tarakimu ni za Kiarabu, itazame karatasi tena kwenye mwanga wa jua: ٢ na ٣ hutofautiana kwa jino moja tu, na wino ukififia 1338 husomeka 1328. Duara dogo, ٥, ni tano. Sifuri ni nukta.