Maswali ya Wasomaji: Soketi, Poti na Dirisha Linaloganda

Bwana Mhariri, nina duka la jumla Kongowea. Nimeandika programu ya Python ya kupeleka mauzo kutoka kompyuta ya kaunta hadi ya stoo. Nikijaribu pande zote mbili kwenye mashine moja, mambo shwari. Nikizitenganisha, kaunta husubiri kisha hutoa kosa 10060. Zote ni Windows, na ruta ni moja. (Msomaji, Kongowea)

Anza na mstari wa `bind` katika programu ya stoo, ndiyo seva; mstari huo huiambia isikilize wapi. Ukiwa umeandika 127.0.0.1, seva inasikiliza ndani ya mashine yake tu. Weka 0.0.0.0 ili isikilize kwenye kadi zote za mtandao. Kisha, kwenye kompyuta ya stoo, fungua dirisha la amri uandike `netstat -an`. Ukiona 0.0.0.0:5050 na neno LISTENING, hapo pako sawa (5050 ni mfano wa poti, yaani namba ya mlango wa programu; weka yako). Amri ya `ipconfig` itakupa anwani ya stoo, mfano 192.168.1.20, na hiyo ndiyo ya kuweka katika `connect` ya kaunta.

Kosa 10060 maana yake ni kimya: kaunta imebisha, haikujibiwa. Kosa 10061 ni tofauti, maana hapo mashine imejibu kuwa poti imefungwa. Lakini kinga ya Windows (firewall) huweza kunyamaza hata pale ambapo hakuna programu inayosikiliza, ndiyo sababu ya kuanza na `netstat` kabla ya kuilaumu kinga. Ikiwa seva inasikiliza na kimya kinaendelea, fungua dirisha la amri kama msimamizi, hapo stoo, uandike:

`netsh advfirewall firewall add rule name="duka" dir=in action=allow protocol=TCP localport=5050`

Kaunta ikiwa kwenye Wi-Fi ya wageni, ihamishe. Ruta nyingi huzuia vifaa vya upande huo visionane na vingine. Na uiwekee stoo anwani ya kudumu ndani ya ruta, la sivyo siku moja itabadilika na mauzo yasifike.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, Likoni. Programu yangu ya gumzo hufanya kazi vizuri kwenye laptopu yangu peke yake, lakini nikiwa na mwenzangu, jumbe mbili hufika zimeungana, na ujumbe mrefu hufika nusu. Nimetumia `recv(1024)`. Je, mtandao wetu ni mbovu?

Marahaba, mwanangu. Mtandao wenu hauna kosa. TCP, kanuni inayosafirisha data yenu, haijui ujumbe ni nini; inajua mfululizo wa baiti tu. Inaahidi kwamba baiti zitafika kwa mpangilio uleule bila pengo, basi. Haiahidi kwamba `send` moja itakuwa `recv` moja. Ile 1024 ni kikomo cha juu: unaweza kupata 1024, au 300, au 1. Kwenye laptopu moja data haipiti waya, kwa hiyo aghalabu hufika kwa mkupuo na kosa hujificha. Kwenye mtandao wa kawaida pakiti, yaani kifurushi kimoja cha data, hubeba hadi baiti 1500, na vichwa vya IP na TCP huchukua angalau 40 kati ya hizo. Ujumbe mrefu lazima ukatwe. Jumbe fupi nazo huweza kukusanywa zikatumwa pamoja.

Wapo watakaokushauri uweke `time.sleep` kati ya jumbe, au uwashe TCP_NODELAY, chaguo la kutuma vipande vidogo bila kuvikusanya. Usiwasikilize. Vyote viwili hubadilisha muda wa kutuma tu, na kosa litarudi siku mtandao ukielemewa. Dawa ni kutanguliza urefu: baiti 4 za namba, kisha ujumbe wenyewe.

```
import struct

def tuma(s, ujumbe):
    b = ujumbe.encode("utf-8")
    s.sendall(struct.pack("!I", len(b)) + b)

def soma_kamili(s, n):
    data = b""
    while len(data) < n:
        kipande = s.recv(n - len(data))
        if not kipande:
            raise ConnectionError("upande wa pili umefunga")
        data += kipande
    return data

def pokea(s):
    n = struct.unpack("!I", soma_kamili(s, 4))[0]
    if n > 1000000:
        raise ValueError("urefu haukubaliki")
    return soma_kamili(s, n).decode("utf-8")
```

Pima urefu baada ya `encode`, kamwe si kabla. Jina محمد lina herufi 4 lakini katika UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti, ni baiti 8. Ukipima herufi utakata jina la mtu katikati. Tumia `sendall`, kwa sababu `send` huweza kutuma sehemu tu ya data na kukurudishia idadi iliyotumwa. `recv` ikirudisha mfuatano mtupu, mwenzako amefunga upande wake. Usipoangalia hilo, kitanzi kitazunguka milele.

Kile kikomo cha milioni moja usikiondoe. Mtu akifungua anwani ya seva yako kwa kivinjari, baiti nne za kwanza zitakuwa herufi GET na nafasi. Zikisomwa kama namba ni 1,195,725,856, na programu yako itakaa kusubiri zaidi ya baiti bilioni moja zisizokuja.

Nikizima seva yangu ya Linux na kuiwasha tena papo hapo, naambiwa anwani inatumika. (Tudor)

Upande uliofunga kwanza hubaki katika hali ya TIME_WAIT, ambayo kwenye Linux ni sekunde 60, ili pakiti zilizochelewa zisiingie katika muunganisho mpya. Kabla ya `bind` andika `s.setsockopt(socket.SOL_SOCKET, socket.SO_REUSEADDR, 1)`. Kosa likibaki, seva ya zamani bado iko hai. Amri ya `ss -ltnp` itaionyesha. Kwenye Windows usiweke chaguo hilo, kwani huko laweza kuruhusu programu mbili kushika poti moja.

Dirisha langu la Tkinter huganda mara tu ninapoanza kupokea data. Kwa nini? (Dada msomaji, Bamburi)

Dada, dirisha la Tkinter (moduli ya Python ya kutengeneza madirisha) huhudumiwa na kitanzi kimoja, `mainloop`. Ukiita `recv` humo, kitanzi kinasimama hadi data ifike; vitufe na uchoraji vyote vinasubiri. Anzisha thredi (mkondo wa pili wa utekelezaji ndani ya programu hiyohiyo) yenye `daemon=True` ifanye kazi ya kupokea tu na kuweka kila ujumbe katika `queue.Queue`. Upande wa dirisha, andika kazi (function) iitwayo `angalia`, inayochukua jumbe kwa `get_nowait`, ikamate `queue.Empty` foleni inapoisha, kisha ijipange upya kwa `root.after(100, angalia)`. Iite mara ya kwanza kabla ya `mainloop`. Thredi isiguse lebo wala kitufe chochote.

Nataka rafiki yangu wa Nairobi aunganishe na seva iliyo nyumbani kwangu Changamwe. Natumia modemu ya simu.

Tazama anwani ambayo modemu imepewa na mtandao. Ikianza na 10 kisha nukta, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi unashiriki anwani ya nje na wateja wengine, na hata ukifungua poti ndani ya modemu hakuna kitakachoingia. Kutoka kwenda nje, hata hivyo, kunawezekana. Kodi seva ndogo yenye anwani ya hadharani, uiendeshe programu yako huko, nanyi nyote wawili muunganishe kwayo. Kabla ya hapo, ivishe soketi (ncha ya muunganisho) usimbaji kwa moduli ya `ssl` na udai nenosiri: poti iliyo wazi kwenye intaneti hubishwa na watu usiowajua.