Mfano Bila Namba ni Soga

Mwalimu mmoja wa somo la biashara ameleta lalamiko. Anajaza vipindi vyake mifano ya kampuni kubwa, wanafunzi wanasikiliza kwa hamu na kuuliza maswali, halafu mtihani ukifika wanaandika fasili walizokariri na ile mifano hawaigusi. Anauliza kosa ni la nani.

Kosa ni la namna mfano ulivyotolewa. Ukiusimulia mwanzo hadi mwisho, umemaliza kazi yote wewe, mwalimu, na mwanafunzi amebakiwa na starehe ya kusikiliza.

Chukua Kodak, kampuni ya Marekani ya kamera na filamu, maana karibu kila mwalimu wa biashara anayo mfukoni. Kwa kawaida husimuliwa hivi: kampuni ilibuni kamera ya kidijitali, ikaipuuza, ikafilisika. Darasa zima linasikitikia ujinga wa mabosi wale na kipindi kinaisha. Kilichofundishwa hapo ni kwamba wakubwa hawana akili, jambo ambalo vijana wa umri huo wanaliamini tayari.

Sasa ukate mfano huohuo katikati. Mwambie mwanafunzi kwamba ni mwaka 1975 na meneja ni yeye. Mhandisi kijana, Steven Sasson, amemwekea mezani kifaa chenye uzito wa takriban kilo 3.6. Kinapiga picha ya nyeusi na nyeupe yenye pikseli 10,000, kinachukua sekunde 23 kuirekodi kwenye kaseti, na bila televisheni picha yenyewe haionekani. Upande wa pili wa meza kuna filamu: aliyenunua kamera anarudi kununua filamu, kisha anarudi tena kusafisha picha, kisha anarudi tena. Fedha zako zinatosha kuendeleza upande mmoja tu. Unaziweka wapi, na kwa nini?

Nyamaza hapo. Wengi watachagua filamu, na sababu zao zitakuwa nzuri. Waandike kwanza, ndipo uwaambie kwamba Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, zaidi ya miaka 35 baadaye. Waambie pia lile ambalo masimulizi ya haraka huliruka: kampuni haikulala usingizi miaka yote hiyo. Miaka ya 2000 iliuza kamera za kidijitali kwa wingi, ila mnunuzi wa kamera hizo hakuwa na haja ya kurudi kununua filamu. Swali sasa ni zito zaidi. Uamuzi uliokuwa wa busara mwaka 1975 uliacha kuwa wa busara lini, na ni namba gani kwenye hesabu za kampuni ingetoa dalili? Mwanafunzi anayehangaika na swali hilo ndiye atakayeelewa mzunguko wa maisha ya bidhaa, yaani jinsi bidhaa inavyozaliwa, kukua, kukomaa na kufifia. Mchoro wa mkunjo ubaoni uje baadaye.

Kwa kipindi cha dakika 40, mgawanyo huu unafaa: dakika 5 za kusoma taarifa, 8 za kila mmoja kuandika uamuzi wake peke yake, 10 za kubishana kwa makundi ya watu wanne, 5 za kufichua kilichotokea, na 12 za kutaja istilahi na kupiga hesabu. Zile dakika 8 za kuandika kimya ndizo walimu huziiba wakiona muda unabana, na ndizo zisizoibika. Bila hizo, mwanafunzi mwenye sauti kubwa anaamua kwa niaba ya kundi, na watatu waliobaki wanakubali kwa sababu hawana lao mkononi.

Karatasi ya taarifa isizidi nusu ukurasa. Weka mambo yasiyozidi manane, angalau matatu yawe namba, na moja liwe halihusiani kabisa na uamuzi. Hilo la mwisho ni la makusudi: biashara za kweli haziji zikiwa zimechujwa, na utashangaa ni wangapi watajenga hoja nzima juu ya rangi ya jengo.

Kwa mada ya ujira na motisha, Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani, hana mpinzani. Mwaka 1913 kiwanda chake cha Highland Park kilianza kuunganisha magari kwenye mstari unaosogea, na muda wa kuunganisha chasisi moja ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi dakika 93. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, wakati ujira wa kawaida ulikuwa chini kidogo ya dola 2.50 kwa siku ya saa 9. Uliza: kwa nini tajiri aongeze ujira maradufu na hali watafuta kazi wanajazana langoni? Jibu la kwanza huwa ni wema. La pili huwa ni kwamba wafanyakazi watayanunua magari yenyewe. Usiseme chochote, wape namba ya tatu. Mwaka 1913 kampuni iliajiri watu wapatao 52,000 ili kuwa na wafanyakazi kama 14,000. Wagawanye. Inatoka 3.7, yaani kila nafasi ilijazwa karibu mara nne kwa mwaka mmoja, na kila mgeni alifundishwa upya, akaharibu vifaa, akauchelewesha mstari uliokuwa ukimtegemea. Ghafla dola 5 zinaonekana kama upunguzaji wa gharama. Ongeza kwamba karibu nusu ya fedha hiyo ilihesabiwa kuwa mgao wa faida, na ilitolewa kwa masharti yaliyogusa hata mwenendo wa mfanyakazi nyumbani kwake, na mabishano yatawaka bila wewe kupuliza.

Mifano ya majina makubwa ina kikomo, hata hivyo. Haifai kwa hesabu. Mizania ya kampuni ya kimataifa ina mistari mingi na tarakimu nyingi kiasi kwamba mwanafunzi anapotelea kwenye sifuri. Hesabu zifundishwe kwa biashara ndogo inayoonekana, na namba ziwe za mviringo. Tuseme karakana inashona mabegi ya shule. Kodi ya pango, mishahara na umeme ni 24,000 kwa mwezi. Kitambaa, zipu na uzi kwa begi moja ni 30. Begi linauzwa 50. Yashonwe na kuuzwa mangapi ili karakana isipate faida wala hasara?

Nusu ya darasa itagawanya 24,000 kwa 50 na kupata 480. Kosa hili hutokea kwa sababu wanaona 50 yote ni ya mwenye karakana. Usilisahihishe kwa kanuni. Waagize wathibitishe: mabegi 480 yanaingiza 24,000, vifaa vyake vinagharimu 14,400, kodi na mishahara 24,000, hasara ni 14,400. Wakishaiona wenyewe, ndipo kinachobaki kwa kila begi, yaani 20, kinapata maana, na jibu la mabegi 1,200 halisahauliki. Endelea papo hapo: mwenye karakana anataka kushusha bei hadi 45 ili avutie wateja. Punguzo ni la asilimia 10 tu, lakini kinachobaki kinashuka hadi 15 na mabegi yanayohitajika yanapanda hadi 1,600. Theluthi nzima! Mwanafunzi aliyeipiga hesabu hii kwa mkono wake hatakuandikia tena kwamba dawa ya mauzo hafifu ni kushusha bei.

Karakana hiyohiyo itumie kutenganisha faida na fedha taslimu, maana hakuna mada inayochanganya kuliko hii. Mwezi huu yameuzwa mabegi 1,500. Mapato 75,000, gharama zote 69,000, faida 6,000. Safi. Sasa nusu ya mabegi yameuzwa kwa mkopo na wateja watalipa mwezi ujao, wakati vifaa, kodi na mishahara vimelipwa papo kwa papo. Kilichoingia ni 37,500, kilichotoka ni 69,000. Daftari linaonyesha faida ya 6,000 na kasha la fedha limepungukiwa na 31,500. Waache waitazame. Kisha uliza mishahara ililipwa kwa fedha za nani. Majibu yatakupeleka kwenye mtaji wa uendeshaji (fedha za kuendeshea shughuli za kila siku), mkopo wa benki na muda wa kukusanya madeni, bila kufungua kitabu.

Mazoezi ya nje ya darasa huharibika kwa sababu moja kubwa: wanafunzi wanatumwa kumuuliza mfanyabiashara anapata faida kiasi gani. Hatasema, au atasema uongo, na wala si wa kulaumiwa. Watume kuhesabu vitu vinavyoonekana. Kundi la watatu linatosha: mmoja anahesabu wanaoingia, wa pili wanaotoka wamenunua, wa tatu anaandika muda. Dakika 20, mara mbili, saa tofauti za siku, baada ya mwalimu kuomba ruhusa ya mwenye duka. Maswali yawe matatu tu: kitu gani huisha kwanza, siku gani huwa na watu wengi, na bidhaa gani aliacha kuiuza na kwa nini. Hilo la tatu ndilo lenye dhahabu, kwa kuwa watu husimulia kosa lililopita kwa uhuru kuliko faida ya sasa. Wakiingia watu 30 na kununua 12, kundi limerudi na asilimia 40, namba ambayo pengine mwenye duka mwenyewe hajawahi kuihesabu. Majina ya watu na ya duka yasiandikwe kwenye ripoti.

Utafiti wa soko usiufundishe kwa dodoso pekee. Coca-Cola iliwaonjesha watu karibu 200,000 kabla ya kubadili kinywaji chake Aprili 1985, wengi wakapendelea ladha mpya, na siku 79 baadaye ya zamani ikarudishwa. Waulize wanafunzi ni swali gani halikupewa uzito. Watu waliulizwa ladha ipi ni tamu zaidi. Kuondolewa kwa ile waliyoizoea ni jambo jingine.

Tukirudi kwenye lalamiko lenyewe, la mtihani: wafundishe kuandika kila hoja kwa sentensi tatu. Ya kwanza inataja dhana, ya pili inachukua namba au tukio kutoka kwenye habari waliyopewa, ya tatu inaanza na "kwa hiyo" na kuonyesha athari yake kwa biashara hiyo hasa. Ukisahihisha, funika jina la kampuni kwa kidole. Kama aya inaweza kubandikwa kwenye kampuni nyingine yoyote bila kubadili neno, mwanafunzi hajautumia mfano, na alama ya matumizi asipewe, hata kama fasili ameipatia neno kwa neno. Wiki mbili za kwanza watanung'unika. Mrudishie karatasi aongeze sentensi ya pili tu. Asiandike jibu zima upya.